Je, Hivi ni Vitabu vya Wachawi?



Wapendwa, juma hili nawapeleka dukani. Nilipokuwa Uingereza kwa majuma matatu, nikimsaidia padre rafiki yangu katika parokia yake, nilipata Jumamosi moja isiyo na ndoa wala maziko. Nikaenda Oxford pamoja na mama mmoja Mtanzania, muuguzi, na mwanawe wa miaka 14. Kijana alikuwa amefaulu mitihani, na zawadi aliyoiomba ilikuwa ya namna mbili: riwaya ya njozi, yaani zile hadithi ndefu zenye mazimwi, wafalme na nchi zisizokuwamo katika ramani yoyote, na mchezo wa mezani, ule unaochezwa kwa ubao, kadi na vipande vidogo vidogo vya mbao. Fedha mama alikuwa nazo. Alichokosa ni amani.

“Padre,” aliniambia ndani ya basi, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, “mimi natoka Shinyanga. Hivi vitabu vya wachawi niviingize nyumbani kwangu kwa mkono wangu mwenyewe?”

Swali hili si la kuchekwa. Huko Uingereza neno hilo limekwisha kuwa la michezo ya watoto, la kofia zenye ncha na ufagio wa kurukia. Kwetu neno hilo lina damu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Tangu mwaka 2006 hivi ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mtu wa kwetu asikiapo mtu akiitwa mchawi hafikirii kofia. Anamfikiria jirani, na usiku, na panga. Basi mama huyu hakuwa mshamba. Alikuwa akitafsiri sawasawa, ila kwa kamusi ya machungu ya nyumbani kwao.

Duka la Blackwell's lilianza mwaka 1879 katika mtaa wa Broad Street. Mlangoni laonekana dogo, lakini ukishuka ngazi unakuta ukumbi mkubwa ajabu, uitwao Norrington Room, uliochimbwa chini ya uwanja wa chuo jirani cha Trinity na kufunguliwa mwaka 1966. Mama alisimama pale juu ya ngazi akasema tu, “Yesu wangu!” Kijana alikuwa amekwisha kutupotea kati ya rafu.

Alirudi na kitabu kinene, *The Lord of the Rings*, cha J. R. R. Tolkien, kilichotoka mara ya kwanza kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955. Nilifurahi, maana juu ya huyu ningeweza kumweleza mama jambo. Mabel, mama yake Tolkien, alikuwa mjane. Mwaka 1900 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, na kwa ajili hiyo jamaa zake wakamkatia msaada. Akafa mwaka 1904, akiwaacha wanawe wawili chini ya ulezi wa Padre Francis Morgan wa Oratorio ya Birmingham. Mkubwa, ndiye huyu mwandishi, alikuwa na miaka 12.

“Aliugua nini?” akauliza muuguzi. Kisukari, nikamjibu. Insulini iligunduliwa mwaka 1921. Akahesabu kimyakimya, akakichukua kitabu mikononi mwa mwanawe, akaanza kukifungua yeye.

Na yule mzee mwenye ndevu na fimbo, Gandalf? Kiingereza humwita kwa neno ambalo sisi, tukifanya haraka, tutalitafsiri “mchawi”. Tafsiri hiyo ingekuwa dhuluma. Tolkien mwenyewe alieleza katika barua ya mwaka 1954 kwamba Gandalf ni kama malaika aliyevaa mwili, aliyetumwa kuwatia moyo wenye vita na mwovu, wala si kuwatawala. Hadithi nzima yahusu Pete yenye nguvu ya kuzitiisha nafsi za wengine, na kila mtu mwema anayetaka kuitumia kwa nia njema anakaribia kuangamia. Gandalf anaikataa akiwa na hofu, kwa sababu anajua angeanza na huruma.

Sasa fungueni Katekisimu, namba 2117. Kanisa linakataza matendo yote ya uchawi ambayo kwayo mtu hutaka kuzitiisha nguvu za giza ili zimtumikie na kumpa uwezo juu ya jirani yake, hata kama ni kwa ajili ya kumrudishia mtu afya. Hata kama ni kwa ajili ya afya! Maneno hayo yangeweza kubandikwa juu ya mlango wa waganga wetu wengi wapiga ramli. Nami sijui riwaya inayoyafafanua kuliko hiyo. Wala si kwa bahati kwamba humo Pete inaangamizwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria.

Nikamkumbusha mama jambo la pili. Shuleni je, hakusoma *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert? Alikisoma. Mna majini humo, na ndugu wawili wanageuzwa manyani. Alicheka. “Lakini kile kilikuwa cha Kiswahili, Padre.”

Msinielewe vibaya. Si kila kilichomo katika rafu ile ningekiweka mkononi mwa mtoto. Vipo vitabu ambamo ukatili na uzinzi vimemwagwa kama chumvi isiyopimwa, na mzazi asione haya kusoma kurasa chache pale pale dukani kabla ya kulipa. Hakuna anayemfukuza.

Duka la michezo lilikuwa mitaa michache mbele. Hapa hofu yangu ilikuwa nyingine kabisa, maana bei za masanduku yale zinatisha, na wapenzi wa michezo wenyewe wana msemo, “rafu ya aibu”, yaani rafu ya michezo iliyonunuliwa na isiyofunguliwa kamwe. Tamaa ya macho haihitaji uchawi. Tukakubaliana: sanduku moja tu, na litoke kwenye rafu ya vitu vya mitumba.

Kijana aliutaka kwanza Catan, wa Mjerumani Klaus Teuber, uliotoka mwaka 1995. Ni mchezo mzuri: watu hujenga vijiji na kubadilishana ngano, kondoo na matofali, wala hakuna anayetolewa mapema na kubaki akiwatazama wenzake, kama itokeavyo katika Monopoly. Lakini mkononi mwangu nilikuwa na sanduku lililokunjika pembe, mchezo wa Reiner Knizia wa mwaka 2000 uliotokana na kitabu kile kile tulichokuwa tumekinunua. Katika mchezo huo wachezaji hawashindani. Wote wako upande mmoja, na adui yuko ubaoni: kinyago cheusi kinachowasogelea hatua kwa hatua. Akimfikia aliyebeba Pete, wote wameshindwa.

“Sasa huo ni mchezo gani, usio na mshindi?” mama aliuliza. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa bao, kete 64 na mashimo 32, na hakumwonea huruma mtu.

Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni mchezo. Akakumbusha kisa cha kale cha Mtume Yohane, aliyewaambia waliomshangaa akicheza kwamba upinde ukivutwa daima bila kulegezwa huvunjika. Mama huyu alikuwa akifanya zamu za usiku nne kwa juma. Kijana alikuwa akila peke yake, mlango umefungwa. Hilo halikuwa siri kwangu, na ndiyo sababu nililing'ang'ania sanduku lile.

Tulicheza jioni ile ile, juu ya meza ya jikoni, baada ya wali na maharage. Kijana alitusomea kanuni, akitutafsiria, akamkosoa mama yake mara mbili kwa adabu. Tulipokaribia Mordor, kete za mama zilimwendea vibaya, naye akiwa karibu zaidi na kile kinyago cheusi. Alikuwa na kadi za kujiokoa. Akaziangalia, akamtazama mwanawe aliyebeba Pete, akamsukumia zote.

“Mama, utatoka mchezoni,” kijana akasema.

“Najua. Wewe nenda.”

Tulishindwa hata hivyo, hatua mbili kabla ya mwisho. Ilikuwa saa nne na nusu usiku, nami nilikuwa na Misa ya asubuhi. Niliwaacha wakizichanganya kadi upya.