Bao Ambalo Sikuliona

Fainali ile ilikuwa na bao moja tu, na bao lenyewe sikuliona. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu huku Kwai, Lushoto, nimeinama kwenye beseni nikiosha karoti.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 27 Agosti 2022. Nilikuwa nimepanda nyumbani kutoka Tanga mjini kwa likizo fupi. Kule Chamazi, Dar es Salaam, Simba Queens walikuwa wanacheza na She Corporate ya Uganda, fainali ya CECAFA ya klabu za wanawake. Bingwa peke yake ndiye angekwenda Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, mashindano yaliyoanza mwaka uliotangulia, na ambako klabu ya Tanzania ilikuwa haijafika. Yaani haikuwa mechi ya kukosa.

Nilikwenda kibanda umiza na binti wa kaka yangu, wakati huo yuko darasa la tano. Nilidhani tutakuwa wawili tu. Kumbe kumejaa, wanaume na makoti yao, baridi ya Agosti unaijua. Watu wa Yanga nao walikuwepo. "Leo sisi Waganda," akasema mzee mmoja, kibanda kizima kikacheka. Nikafurahi. Ukitaniwa namna hiyo ujue mchezo wako umeshahesabiwa kuwa mchezo.

"Shangazi, hawa wanalipwa?" mtoto akaniuliza.

"Wanalipwa."

"Kwa kucheza tu?"

Sijamjibu, kijana wa jirani akachungulia mlangoni. "Dada, mama anakuita. Gari la mzigo limewahi. Amesema uje na mtoto."

Kwetu gari la mzigo halimsubiri mtu. Linakusanya karoti na kabichi kijiji kwa kijiji, linashuka Soni na Mombo kwenda Dar, na karoti isiyooshwa bei yake ni ya kusikitisha. Nikasimama. Mtoto naye akasimama, bila hata kununa. Hapo ndipo roho iliponiuma. Nilikijua kile kisimamo. Kilikuwa changu.

Nilipokuwa na umri wake nilicheza chandimu na wavulana, uwanja wenye mteremko kiasi kwamba mpira ukitoka upande wa bondeni unaufuata hadi kwenye kabichi za watu. Wasichana wenzangu walicheza rede. Mimi nilikuwa na mguu wa kushoto uliokuwa unaogopwa. Nikisimulia habari hii mjini, watu husubiri nifike kwa mzee mwenye fimbo aliyenikataza. Hakuwepo. Hakuna aliyenikataza mpira. Niliitwa tu.

Kaleta maji. Kakate matete ya ng'ombe. Mbebe mdogo wako, mama anakwenda shamba. Kaka yangu naye aliitwa, lakini yeye aliitwa mechi ikiisha. Mimi niliitwa katikati. Baada ya muda, wenzangu walipogawana timu waliacha kunihesabu, na siwezi kuwalaumu: nani anampanga mtu atakayeondoka kabla ya mchezo kwisha? Sikumbuki siku niliyoacha mpira, kwa sababu siku hiyo haipo.

Nililifikiria hili tena niliposoma Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert, mtu wa Tanga yetu. Kabla ya kuwa mwimbaji mkubwa, Siti alitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake. Nikajiambia, sauti inakubali kwenda kazini pamoja na mwenyewe. Ukiwa na mzigo kichwani koo bado liko huru, unanadi na unaimba. Mpira haukubali hivyo. Unataka miguu yote miwili, unataka wenzako, na unataka dakika tisini za mfululizo ambazo hakuna mtu anakuita. Huku milimani miguu tunayo, tena ya kupanda na kushuka tangu utotoni. Hizo dakika ndizo hatuna.

Basi nikamshika mtoto bega nikamkalisha. "Wewe baki. Utanisimulia."

Nyumbani mama alikuwa ameshakunja mikono ya sweta. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwenye mpira."

"Kamwite."

"Mama, za kwake nitaosha mimi."

Akaniangalia. Mama yangu si mtu wa kubishana mbele ya mzigo. "Na wewe na mpira wako," akasema, akanisogezea beseni la pili.

Tuliosha kimya. Maji yale yanauma mpaka kwenye mfupa. Mara zikasikika kelele kutoka upande wa kibanda, kelele za watu wengi kwa pamoja. Mama akainua kichwa.

"Wasichana wenu wamefunga."

"Umejuaje? Labda Waganda."

"Kelele hizo si za Yanga," akasema, akaendelea na karoti zake.

Nilirudi mbio na viganja vyekundu, nikakuta mtoto amesimama juu ya benchi. Moja bila, na ikabaki hivyo hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Usiku alinisimulia bao lile mara tatu, kila mara mpira ukiwa na kasi zaidi. Baadaye ningeweza kulitafuta kwenye simu nikaliangalia. Sijalitafuta. La kwake linanitosha.

Baadaye mwaka huo Simba Queens walikwenda Moroko, wakamaliza nafasi ya nne Afrika. Siku moja ya mashindano yale nilipiga simu nyumbani nizungumze na mtoto. Akapokea mama.

"Hayupo, yuko uwanjani na wenzake. Nimwite?"

Nikasema hapana, nitapiga baadaye.