Ukienda Momella, Anza na Filamu

Usa River, Arusha

Mpendwa mwanangu Neema,

Nimefurahi kusikia kwamba likizo hii wewe na wenzako mnataka kuzunguka Meru kwa kufuata mahali palipopigwa filamu. Ukinisikiliza mimi, anzeni na Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962.

Itazameni yote kabla hamjapanda basi. John Wayne na wenzake ni wakamataji wa wanyama wa kuuzwa kwenye bustani za ng'ambo. Mwangalieni anayekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari: ameshika mti mrefu wenye kitanzi cha kamba, gari linakwenda sambamba na mnyama, vumbi tupu. Wanyama wale ni wa porini kweli, na waigizaji wenyewe ndio waliowakimbiza. Ilipigwa tukiwa bado chini ya Mwingereza. Ilipofika kwenye majumba ya sinema, Tanganyika ilikuwa imeshapata Uhuru.

Kisha njooni. Mkikata kona hapa Usa, mtaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa lango la Ngongongare, mpite uwanda wa Serengeti Ndogo hadi maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake kwa sababu ya mwani uliomo. Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza katika filamu ile, alipapenda hata akanunua shamba Momella. Nyumba yake leo ni hoteli yenye jina la filamu.

Twiga, nyati na mbega mtawaona. Faru, wanaokimbizwa sana katika filamu ile, hamtawaona hapo. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza karibu nchi nzima. Mkiwataka, nendeni Ngorongoro, wanakolindwa usiku na mchana. Kwa hiyo filamu ile, pamoja na mbwembwe zake, ni ushahidi wa tulichokuwa nacho.

Lakini kuhusu watu haisemi kweli. Inaonyesha nchi pana kama isiyo na wenyewe, na watu wetu wanapotokea ni wa kushika kamba na kubeba mizigo. Ukitoka kwa lango la Momella, Ngarenanyuki iko hapo hapo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza huko maelfu ya Wameru ili ardhi wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Haikupita hata miaka 10, kamera za Hawks zikafika jirani na hapo, na kisa hicho hakimo.

Basi msiishie kupiga picha pale alipopita John Wayne. Njooni na vitambulisho vya taifa ili mlipe kiingilio cha Mtanzania, na mtenge siku nzima ya Ngarenanyuki. Waamkieni wazee, mkae nao, muwaulize habari za mwaka 1951. Wanaokumbuka wanazidi kupungua. Msiahirishe hadi likizo nyingine.

Ni mimi, shangazi yako akupendaye.