Poka, usingizi na karo ya mdogo wangu

Leo naweka kando habari za programu nizungumzie karata. Msinikimbie, programu zitarudi kabla hatujamaliza.

Mimi hucheza poka mtandaoni, ile aina iitwayo Texas Hold'em, meza za watu sita, kwa viwango vidogo. Nilianza nikiwa mwaka wa tatu chuoni nikisomea sayansi ya tarakilishi. Kwa wasioujua mchezo huu: kila mmoja hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa awamu, na kati ya awamu moja na nyingine watu huweka dau. Hushindani na kasino, unashindana na wachezaji wenzako, na mwenye meza hujikatia ada yake. Kwa sababu ya ada hiyo wengi hupoteza hatimaye, na hilo mlijue mapema.

Ree mbili, yaani zile karata zenye A, ndizo bora za kuanzia, na hukujia kwa wastani mara moja katika kila mara 221. Ukiwa nazo na mwenzako ana K mbili, na nyote mmeweka kila kitu kabla ya karata za mezani, bado atakushinda karibu mara moja katika tano. Hesabu hiyo naijua. Naweza kukuandikia programu yake kwa nusu saa. Lakini usiku mmoja wa mwezi wa tatu mwaka jana haikunisaidia kitu.

Niliketi kucheza saa tatu usiku baada ya kutwa nzima kazini, nikala chipsi papo hapo mbele ya kioo. Kama saa tano na nusu nikapata ree mbili, jamaa akawa na K mbili, K ya tatu ikafunuka mezani. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Badala ya kuzima nikahamia meza za kiwango mara nne ya changu, "nirudishe zangu". Wachezaji huiita hali hiyo tilti: umejaa hasira huku ukijiona mtulivu. Kufika saa tisa akaunti ilikuwa tupu. Nikachukua simu, nikaongeza shilingi 42,000 ambazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya karo ya mdogo wangu. Saa kumi na dakika kumi nazo zilikuwa zimekwisha.

Asubuhi nikaenda kazini hivyo hivyo. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeendesha amri ya kufuta kwenye hifadhidata halisi ya wateja badala ya ile ya majaribio. Nakala ya akiba ilikuwepo, tukarejesha kila kitu kufikia jioni. Bosi hakunifokea, na nafikiri ningependa afoke.

Mdogo wangu anasomea uuguzi. Alipiga simu siku hiyo hiyo: "Kaka, mwisho wa kulipa ni Ijumaa." Nikamdanganya kwamba benki ina matatizo, nikakopa kwa rafiki. Wiki mbili baadaye nilishindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Nilitarajia aniulize habari za pesa. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Siku hizi unalala saa ngapi?"

Swali hilo lilinichoma kuliko tusi. Basi nikafanya kile ambacho watu wa kazi yangu hufanya wakishikwa pabaya: nikatafuta data :-)

Tovuti ninayochezea hukuruhusu kupakua kumbukumbu za michezo yako kama maandishi ya kawaida. Nilikuwa na michezo 46,000. Nikaandika programu fupi ya Python kuipanga kwa saa za siku, nione napoteza wapi. Hapo nikakutana na ukuta ambao kila mwenye kupenda takwimu anapaswa kuujua. Katika poka ya namna hii, matokeo ya kila michezo 100 hupanda na kushuka kwa mkengeuko unaokaribia madau makubwa 100 (dau kubwa ni lile la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa). Ukipiga hesabu, hata baada ya michezo 46,000 wastani wako kwa kila 100 bado una shaka ya karibu madau 5 juu au chini. Mchezaji mzuri wa viwango vyangu akipata faida ya 5 anashukuru. Yaani bahati ina kelele sawa na ujuzi wenyewe, na faida yangu haikuweza kuniambia chochote cha uhakika.

Kwa hiyo nikapima kitu kisichotegemea bahati ya karata za mezani: ni mara ngapi ninaingia mchezoni kwa hiari badala ya kutupa karata zangu. Kabla ya saa tano usiku nilikuwa naingia asilimia 22. Baada ya saa sita, asilimia 35. Michezo ya baada ya saa sita ilizidi 9,000, kwa hiyo pengo hilo si la kubahatisha. Nikajitetea kwamba huenda usiku wapinzani ni dhaifu, nami napanua mchezo kwa makusudi. Nikafungua michezo yenyewe. Loo! K na 4 za maua tofauti, nikiwa wa kwanza kuamua mezani. Mchana nisingezigusa.

Na utetezi ule ulikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana kuacha kulikuwa kugumu. Saa sita usiku ya Nairobi Ulaya ni jioni bado, watu wametoka kazini, wanacheza kwa starehe. Meza rahisi ziko saa hizo. Kulala ni kuziacha.

Jared Tendler, aliyetoa kitabu The Mental Game of Poker mwaka 2011, hulinganisha maendeleo ya mchezaji na mwendo wa kiwavi: mbele husogea, halafu lazima nyuma nako kuvutwe. Mimi nilikuwa nasoma mbinu mpya kila wiki, nasukuma mbele tu, ilhali mkia wangu umebaki saa tisa usiku.

Siku hizi nacheza jioni tatu kwa wiki, nazima saa tano. Nakula kwanza, mezani, chakula cha kutafuna. Jumamosi asubuhi nacheza mpira na vijana wa mtaa, ambao hawanihurumii. Karo hutoka siku ya mshahara kabla ya kitu kingine, na pesa za poka zina akaunti yake. Baada ya miezi sita kiwango changu cha kuingia mchezoni ni 23, saa yoyote. Je, nimetajirika? Nina faida ndogo, na kama nilivyoeleza, siwezi kuapa kwamba si bahati.

Mara nyingi huwaza juu ya Libratus, programu ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Januari 2017, katika kasino moja ya Pittsburgh, ilicheza michezo 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, ikawashinda kwa chipu zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1.7. Watu wale walicheza kutwa nzima kwa siku 20, na jioni walikaa pamoja kutafuta udhaifu wake. Nayo, wao wakishalala, ilikuwa ikitumia tarakilishi kuu kuziba mianya waliyoigundua mchana. Mashine ilitumia usiku kujirekebisha. Mimi niliutumia kuongeza dau.

Mdogo wangu muhula huu yuko zamu za usiku wodini. Jumapili alinipigia saa nne asubuhi, anaongea huku akipiga miayo. Nikamwuliza siku hizi analala saa ngapi. Akakata simu.