Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu: Utoto wa H. P. Lovecraft na Chimbuko la Fasihi ya Kutisha

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wasema wahenga. Methali hii hutajwa sana katika mijadala ya maadili, lakini ni nadra kuiona ikipimwa katika uwanja wa uhakiki, hasa mintarafu ya fasihi ya kutisha. Je, mtu hulelewaje hata akawa mtunzi wa hofu? Jibu la haraka ni kwamba alisimuliwa mambo ya kutisha akiwa mdogo. Jibu hili halitoshi. Vizazi vya watoto wa Afrika Mashariki vimesimuliwa habari za mazimwi walao watu na za majini wenye kwato za punda, na wengi wao wamekuwa walimu, mabaharia na wakulima, si watunzi wa vitisho. Yamkini kuna jambo jingine. Maisha ya mwandishi Mmarekani, Howard Phillips Lovecraft, yanatoa nafasi nzuri ya kulitafuta.

Lovecraft alizaliwa tarehe 20 Agosti, 1890, mjini Providence, katika jimbo la Rhode Island. Baba yake, Winfield Scott Lovecraft, alikuwa mfanyabiashara wa kusafirisafiri. Mwezi wa Aprili, 1893, akiwa Chicago kikazi, alirukwa na akili, akarudishwa na kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Butler mjini Providence. Hakutoka humo mpaka alipofariki mwezi wa Julai, 1898. Mwanawe alikuwa hajatimiza miaka mitatu baba alipoondolewa nyumbani, na alikuwa hajatimiza minane alipozikwa. Maradhi yaliyorekodiwa na madaktari ni aina ya kupooza ambayo leo hii inafahamika kuwa matokeo ya kaswende iliyofika ubongoni. Katika familia ya watu wa heshima wa zama zile, neno hilo halikuweza kutamkwa sebuleni. Hata alipokuwa mtu mzima, Lovecraft alishikilia katika barua zake kwamba baba yake alipooza kwa sababu ya uchovu wa mishipa ya fahamu. Kama alijua ukweli na akauficha, au kama alifichwa yeye mwenyewe, matokeo ni mamoja: katikati ya nyumba aliyokulia palikuwa na jambo kubwa lisilokuwa na jina.

Malezi yake yaliangukia mikononi mwa jamaa za mama, Sarah Susan Phillips. Nguzo ya nyumba ilikuwa babu, Whipple Van Buren Phillips, mfanyabiashara aliyekuwa na jumba kubwa katika mtaa wa Angell na maktaba iliyojaa vitabu vya kale. Babu huyu alikuwa msimulizi. Alimbunia mjukuu wake hadithi za misitu ya giza, mapango yasiyo na mwisho na vikongwe wachawi. Lovecraft anakumbuka pia kwamba babu alimtibu hofu ya giza kwa kumfanya apite, usiku, katika vyumba visivyokuwa na taa. Mtu mmoja, basi, alimpa mtoto hofu na papo hapo akamfundisha kutembea ndani yake. Huenda hakuna mafunzo bora zaidi ya utunzi wa aina hii.

Hata hivyo, mazingira ya usimulizi huu yanatofautiana sana na yale ya ngano za Kiafrika. Nyanya anapotamka "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", tayari mtoto amezungukwa na wenzake. Zimwi la ngano lina jina, lina njaa inayoeleweka, na aghalabu lina upumbavu unaomwezesha msichana mdogo kuliponyoka kwa wimbo. Hadithi inapokwisha, hutamkwa kwamba imekwisha, na watoto hulala wakiwa wamebanana. Ngano hiyo humfunza mtoto kwamba hofu ina mipaka na kwamba jamii inaijua. Mtoto wa Providence hakuwa na ndugu wa tumbo wala kiitikio. Alisikiliza peke yake, kisha akapanda kulala katika nyumba ambamo kisa chenye kutisha kuliko vyote, kile cha baba, hakikusimuliwa kamwe. Hapa ndipo tofauti ilipo. Si hadithi za kutisha zilizomfanya Lovecraft kuwa mtunzi wa hofu. Ni hadithi hizo zilipokutana na ukimya.

Kisa cha mwaka wa 1896 kinathibitisha dai hili. Nyanya yake alipofariki mwezi wa Januari mwaka huo, wanawake wa nyumba hiyo walivaa nguo nyeusi za matanga, na mavazi yale yakamtia mtoto kiwewe. Akaanza kuota viumbe weusi wenye mabawa, waliomnyakua kitandani na kumrusha hewani. Viumbe hao hawakuwa na nyuso. Baadaye angewatia katika riwaya yake fupi, *The Dream-Quest of Unknown Kadath*, aliyoiandika miaka ya 1926 na 1927. Kukosekana kwa uso ni jambo la kuzingatiwa. Mtoto aliyeona msiba bila kuelezwa msiba alibuni kitisho kisichoweza kutambuliwa, na miongo kadhaa baadaye mbinu mashuhuri ya mtunzi ikawa ni kudai kwamba kitu kilichoonekana hakielezeki.

Kuna chimbuko jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua upesi. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, Lovecraft alizisoma hadithi za *Alfu Lela Ulela*, akapendezwa nazo hata akajiita Abdul Alhazred. Mwenye kujua Kiarabu kidogo ataona kasoro: jina "Abdul" tayari lina kiambishi "al", na kukirudia mbele yake ni makosa. Lakini jina hilo la mchezo wa mtoto halikupotea. Mtunzi alilihifadhi na kumpa mwandishi wa kubuniwa wa *Necronomicon*, kitabu cha kubuniwa vilevile, ambacho kinarejelewa katika hadithi zake nyingi. Hivyo tunu moja ya fasihi ya Mashariki, inayojulikana pia kwa wasomaji wa Kiswahili, iligeuzwa katika akili ya mtoto wa Providence kuwa mlango wa maangamizi.

Mwaka wa 1904 babu alifariki, mali yake ikiwa imedidimia, na jumba likapotea. Lovecraft, akiwa na umri wa miaka 13, alihamia nyumba ndogo pamoja na mama yake, na alikiri baadaye kwamba alifikiria kujiua. Mwaka wa 1908 afya yake ya akili iliyumba, akaacha shule ya upili bila cheti. Jirani mmoja alisimulia baadaye kwamba mama alimweleza kuwa sura ya mwanawe ilikuwa mbaya mno. Mwaka wa 1919 mama naye alilazwa Butler, hospitali ileile iliyommeza mumewe, na akafia huko mwaka wa 1921. Mwaka huohuo Lovecraft aliandika "The Outsider", hadithi ya kiumbe mpweke anayetoka katika kasri la giza, akaona watu wakikimbia kwa hofu, na hatimaye akagundua kwamba zimwi lililowatisha ni yeye mwenyewe katika kioo.

Katika makala yake ya mwaka wa 1919 kuhusu hisia za kutisha, Freud alieleza kwamba kinachotisha mno si kigeni. Ni cha nyumbani kilichofichwa kikarejea. Hadithi mbili za Lovecraft zinaafikiana na nadharia hiyo. Katika ile inayomhusu Arthur Jermyn, iliyochapishwa mwaka wa 1921, mhusika mkuu anachunguza nasaba yake na kugundua kwamba bibi mmoja wa ukoo, aliyekuwa akifichwa asionekane, alikuwa sokwe mweupe kutoka Kongo. Anajimwagia mafuta na kujiteketeza. Katika *The Shadow over Innsmouth*, iliyochapishwa mwaka wa 1936, msimulizi anagundua kuwa ana damu ya viumbe wa baharini, na kwamba binamu yake amefungiwa hospitalini kwa sababu hiyohiyo. Mwana wa wazazi wawili waliofia Butler alikuwa na sababu ya kuiogopa damu yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mhakiki wa Kiafrika hawezi kuishia hapo. Kwa nini aibu ya ukoo wa Jermyn itoke Kongo? Jibu ni kwamba familia haikumrithisha Lovecraft vitabu na maradhi tu. Ilimrithisha pia majivuno ya damu ya Kiingereza na dharau kwa watu weusi na wahamiaji, na barua zake zimejaa dharau hiyo. Hofu aliyoshindwa kuitaja ndani ya nyumba yake aliitwika mabara na rangi za wengine. Suala hili halijazikwa. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitunukiwa World Fantasy Award mwaka wa 2011 na kupewa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Aliandika waziwazi juu ya uchungu wa kutuzwa kwa sura ya mtu aliyewadharau watu wa rangi yake. Mwaka wa 2015 ilitangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena. Mwaka wa 2016 Victor LaValle, Mmarekani mweusi, alichapisha *The Ballad of Black Tom*, ambamo anaiandika upya "The Horror at Red Hook" ya Lovecraft akimweka kijana mweusi wa Harlem katikati ya masimulizi. Waandishi hawa hawakumtupa Lovecraft. Walilazimisha kilichonyamaziwa kitamkwe.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, sehemu kubwa ya habari za utoto huu inatoka kwa Lovecraft mwenyewe, aliyeziandika akiwa mtu mzima aliyekwisha kujijengea taswira ya mtunzi wa hofu. Kumbukumbu hizo nazo ni utunzi. Pili, malezi hayaandiki vitabu. Watoto wengi wamepoteza wazazi katika kimya kama kile bila kuandika hata aya moja. Lovecraft alisoma Poe angali mdogo, akafanya mazoezi ya miaka mingi, na hata mtazamo wake wa sanaa ulisogea. Jermyn anapoijua damu yake hujichoma. Msimulizi wa Innsmouth, aliyeandikwa miaka kumi na moja baadaye, anapoijua yake hujiandaa kwenda kumwokoa binamu yake hospitalini na kurejea naye baharini. Hofu ni ileile, lakini safari hii aliyefungiwa hasahauliwi. Mabadiliko haya hayakuletwa na babu wala mama, bali na kazi ya msanii mwenyewe.

Methali ya wahenga, basi, haipingwi, inahitaji kukamilishwa. Mtoto hukua alivyolelewa, na sehemu ya malezi ni yale ambayo wakubwa wake hawakuthubutu kuyasema mbele yake. Nyanya anayelitaja zimwi kwa jina lake humpa mjukuu silaha. Nyumba inayonyamaza humwachia kazi ya kulibuni zimwi hilo mwenyewe, na asipokuwa mwangalifu, atalivika uso wa jirani.