Jina Lisikatwe: Kipimo Kimoja kwa Kurasa Zote

BARAKA, FIZI – Kongo, mtu ana majina matatu: jina, postinomu na prenomu. Watu wawili wanaweza kufanana kwa mawili ya kwanza, wakatofautiana kwa la tatu tu. Sanduku la jina kwenye kompyuta likiwa jembamba, hilo la tatu linajificha. Siku ya kugawa msaada, anayesoma orodha hajui ni nani anayeitwa, na familia moja inaweza kurudi mikono mitupu.

Kosa kama hilo mara nyingi linaanzia kwenye vipimo. Programu nyingi za Windows zinachorwa kwa XAML, maandishi ambayo Microsoft iliyaleta pamoja na WPF mwaka 2006. Fundi anaandika kinachotakiwa kuonekana: hapa sanduku, hapa kitufe, upana huu. Mwenye haraka anaandika 192 kwenye ukurasa wa kuandikisha, tena 192 kwenye wa kutafuta, tena 192 kwenye wa jetoni. Hizo ni inchi 2, maana WPF inahesabu 96 kwa kila inchi. Majina yakikatwa, anapanua ukurasa mmoja na kusahau mingine miwili.

Dawa ipo. Kipimo kinaandikwa mara moja tu, kwenye rasilimali za programu nzima, na kinapewa jina, tuseme UpanaWaJina. Kila sanduku linatumia jina hilo badala ya namba. Fundi akibadilisha 192 kuwa 288, kurasa zote tatu zinapata inchi 3 kwa pamoja.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, aina ya kipimo. Namba ya kawaida, Double, inafaa upana wa sanduku na ukubwa wa herufi. Safu ya jedwali la Grid inataka GridLength, na nafasi ya pembeni inataka Thickness. Ukizichanganya, programu inakataa. Pili, StaticResource inachukua kipimo mara moja, ukurasa unapofunguliwa. DynamicResource inaendelea kukifuata kikibadilika. Kwa herufi, hii ya pili inamfaa mwandikishaji asiyeona vizuri: fundi akimwekea kitufe cha kukuza, maandishi yanakua palepale.

Familia zilizohama zinaujua utaratibu huu kwa njia nyingine. Kanuni za Sphere zinataka angalau mita za mraba 3,5 za kuishi kwa kila mtu. Familia ya watu 6 inahitaji 21, iwe kwenye rasi ya Ubwari au Lusenda, ambako wakimbizi wa Burundi wamepokelewa tangu 2015. Kwa kuwa kipimo ni kimoja na kinajulikana, hata mwenye hema anaweza kukitumia kudai haki yake.

Lakini kipimo cha pamoja kikikosewa, kinakosewa kila mahali. Ndiyo maana kisiamuliwe na fundi peke yake. Aketi na waandikishaji na wakuu wa vijiji, atafute majina marefu kuliko yote kwenye orodha, ayajaribu kwanza. Na kila anayeandikishwa aombe kuoneshwa kioo, ayasome majina yake yote matatu kabla ya kupokea jetoni.