Mto wa Shingo kwa Mzazi Msafiri

Wahenga walisema: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Aliye safarini hana kitanda chake, hana jiko lake, na mara nyingi hana usingizi wake. Dini yetu nayo haikuuficha ukweli huo. Imeitambua safari kuwa ni taabu, na ndiyo maana msafiri akapewa tahafifu katika swala na saumu. Katika taabu zote hizo, mimi nimeufahamu zaidi upande wa usingizi, na aliyenifahamisha ni mama yangu mzazi.

Mama amevuka umri wa miaka 70. Mara mbili kwa mwaka husafiri kutoka Mwanza kuja kwetu Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Ndege haipandi, na hofu yake hiyo haijapata dawa. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mwaka 2023, hupendelea kuondoka jioni ili aepukane na joto la mchana. Basi la usiku lina utulivu wake, lakini usingizi wa kitini una gharama.

Safari moja alifika akiwa amekakamaa shingo. Adhuhuri ilipoingia, aliswali ameketi. Alipofika kwenye salamu, uso haukugeuka. Ilimbidi azungushe mabega yote, kulia kisha kushoto, huku ameuma meno. Mwenye udhuru huswali kwa kadiri ya uwezo wake, na swala yake haina walakini. Hata hivyo, mtoto anayemwona mzazi wake katika hali ile hawezi kukaa akatulia. Tulimpeleka kwa daktari, naye akatueleza kwamba ni misuli iliyovutika usiku kucha.

Maelezo yake yalikuwa mepesi kueleweka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, nacho hubebwa na pingili 7 za shingo pamoja na misuli inayozizunguka. Tukiwa macho, misuli hiyo hufanya kazi bila sisi kujua. Usingizi unapoingia, misuli hulegea, na kichwa huanguka mbele au ubavuni. Basi likiruka tuta, kichwa hurushwa na kuvutwa tena. Mtu kijana huamka akajinyoosha yakaisha, lakini mzee hubaki na maumivu kwa siku kadhaa.

Basi tukaanza kuutafuta mto. Jirani yetu aliyetoka Umra alituazima wake, ule wa umbo la kwato ya farasi, mnene pande zote. Mama aliuvaa akaketi kwenye kochi, kisha akasema, "Mwanangu, huu unanisukuma mbele kama kondakta mwenye haraka." Alisema kweli. Kiti cha basi tayari kina mgongo wake, na mto ukiwa mnene nyuma ya shingo hukisukuma kichwa kuelekea kifuani, kulekule tunakokataza kisiende. Mto wa pili ulikuwa wa kupuliza. Huo una fadhila ya kukunjwa ukaingia mkobani, na ukijazwa upepo nusu tu huwa laini kuliko ukijazwa ukakaza. Lakini mama hufunga ushungi kwa pini chini ya kidevu, na pini na mto wa upepo havipatani. Isitoshe, kitambaa chake cha plastiki kiliteleza juu ya ushungi na kumtoa jasho.

Hapo ndipo nilipoacha kuitazama mito nikaanza kumtazama mama. Jioni baada ya Isha husinzia akiwa ameketi sebuleni. Kwa siku tatu nilikaa kando yake nikaangalia. Kichwa chake hakiendi nyuma kamwe. Huinama mbele kidogo, kisha hulalia bega la kushoto. Kumbe haja yake ilikuwa kitu cha kukidaka kidevu na kuliziba pengo kati ya sikio na bega. Ulaini ulikuwa jambo la pili.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Misri mwaka 1922, vilikutwa viegemeo vya kichwa vilivyotengenezwa kwa vitu vigumu, pembe ya ndovu ikiwamo. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya nao wana kigoda kidogo cha mti ambacho mchungaji hutembea nacho, akakikalia mchana na kukiegemezea kichwa alalapo. Hakuna sufi wala sponji humo, bali kimo kinachomfaa mwenyewe.

Tulimwendea fundi cherehani wa mtaani. Nilimchorea mto mwembamba kabisa nyuma, mnene ubavuni, wenye ncha mbili zinazokutana chini ya kidevu na kufungwa kwa kamba ya kitambaa. Aliushona kwa pamba isiyoteleza, akaujaza usufi, na foronya yake huvuliwa ikafuliwa. Usufi hushindiliwa kwa matumizi, kwa hiyo kila baada ya safari tunauanika juani na kuuchambua. Mama alipokuja mara iliyofuata, nilimpokea kituo cha Magufuli, Mbezi. Alisimama mlangoni mwa basi akageuza kichwa huku na huku akinitafuta katikati ya watu. Sikumwita upesi, nilitaka kuiona shingo ile ikigeuka.

Kwa familia zinazojiandaa na safari, iwe ya ukweni, ya matibabu au ya Umra, nasaha yangu ni hii. Msinunue mto kwa kuubonyeza dukani kwa mkono. Mwacheni mzazi auvae akiwa na ushungi wake au kanzu yake, aegemee kiti kwa muda, na mtazame kidevu kinakwenda wapi. Mto usipopatikana, kanga mbili zilizokunjwa zikaviringishwa na kuwekwa upande kinakoangukia kichwa hutosha kwa safari fupi. Basi linaposimama, mshusheni anyooshe miguu na kuzungusha mabega. Na ikiwa maumivu yanashuka mkononi, au mkono unakufa ganzi, msihangaike na mito, mpelekeni hospitali.

Wao walitulaza vifuani mwao katika safari ambazo hatuzikumbuki, wakatushika vichwa visianguke. Leo vichwa vyao vinapolegea kwa usingizi, ni zamu yetu kujua vinaangukia upande gani.