Gunia Moja Kando ya Jikoni



Mama mmoja hapa Tseikuru aliniuliza, "Mchungaji, nitapanda mboga kwa maji gani, na mtungi wa lita 20 nanunua?" Ni swali la haki, wala siwezi kulijibu kwa maombi peke yake.

Mpendwa, maji uliyooshea mboga na mchele huyamwaga wapi? Mjane wa Sarepta alianza na konzi ya unga iliyokuwa tayari nyumbani. Wewe anza na hayo maji na gunia moja kuukuu.

Changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza miche. Simamisha katikati mkebe uliokatwa chini, ujaze kokoto, uzungushie udongo, kisha uuvute juu na ujaze tena, hadi gunia lijae. Kokoto hizo ndizo njia ya maji kufika chini. Bila hizo, juu hulowa na chini hubaki vumbi. Toboa ubavuni, pachika sukuma wiki. Juu panda kunde, maana zinastahimili ukame na majani yake tunayala.

Liwekee kivuli cha mchana, jua letu mnalijua. Mwagilia jioni. Maji ya sabuni nyingi hapana.

Mnaopanga vyumba kule Mwingi, hata ndoo iliyopasuka inafaa, ikiwa na matundu chini. Lakini mkebe wa dawa ya mifugo usiutumie, hata ukiuosha mara 7 kama Naamani.

Jumapili baada ya ibada kuna miche michache nyuma ya kanisa. Wenye magunia tayari watachukua kwanza.